Nyota, Duara na Namba Ubavuni mwa Ndege

Mazungumzo yetu leo ni ya dekali, ile picha nyembamba iliyochapwa juu ya karatasi yenye gundi, ambayo fundi wa modeli huiloweka majini, akaitelezesha juu ya bawa la ndege ya plastiki, ikashika na kukauka. Nazungumzia hasa dekali za ndege za kivita za majini za Vita vya Pili vya Dunia: Wildcat, Hellcat na Corsair za Marekani, Zero ya Japani, na zile Martlet, Sea Hurricane na Seafire walizorusha Waingereza kutoka kwenye manowari zao za kubeba ndege.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa mchezo wa watoto. Mimi naiona kuwa ni kazi ya historia, na sababu yangu ni hii: plastiki iliyomo ndani ya boksi haimjui mtu. Ukiunganisha mbawa na mkia, ukapaka rangi ya buluu, unayo Hellcat tu, moja kati ya zaidi ya 12,000 zilizotengenezwa. Ukishaiwekea nyota, namba na jina, imekuwa ndege ya rubani fulani, wa meli fulani, mwezi fulani. Hapo umetoa ushahidi mbele za watu, na ushahidi wenyewe ama ni wa kweli ama si wa kweli.

Tuanze na nyota ya Marekani, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Vita vilipowakuta Wamarekani pale Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, alama yao ilikuwa duara la buluu, ndani yake nyota nyeupe, na katikati ya nyota doa jekundu la mviringo. Mwanzoni mwa 1942 wakaongeza mistari 13 myekundu na myeupe kwenye usukani wa mkia, mfano wa bendera yao. Sasa kumbuka kwamba alama ya Mjapani ilikuwa duara jekundu tupu. Mpiga mzinga yuko sitahani, jua linamchoma macho, ndege inamjia kwa kasi. Akiona wekundu, anafyatua. Mei 1942 ikatoka amri doa lifutwe na mistari ya mkiani ifutwe. Kwa hiyo Wildcat zilizopigana Midway mwanzoni mwa Juni hazikuwa na wekundu wowote kwenye nyota zao. Ukiibandika Wildcat ya Midway nyota yenye doa jekundu, umemtoa rubani wake kwenye vita vyake na kumrudisha kwenye vita vya watu wengine.

Mambo hayakuishia hapo. Majaribio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba jicho la mtu, kitu kikiwa mbali, hutambua umbo kabla ya kutambua rangi. Duara kwa mbali ni duara tu, liwe la buluu au jekundu. Ndiyo maana mwishoni mwa Juni 1943 nyota iliongezewa mistatili miwili myeupe, mmoja kila upande, na alama nzima ikazungushiwa ukingo mwekundu. Huko Pasifiki wekundu huo haukupokewa vizuri, na haikushangaza. Katikati ya Agosti ukaamriwa ukingo uwe wa buluu. Alama ile ya ukingo mwekundu, kwa mujibu wa amri, iliishi wiki chache tu, ingawa kwenye visiwa vya mbali brashi za mafundi zilikawia kufuata karatasi za makao makuu. Ni alama nzuri kwa macho, inang'aa, nayo ndiyo inayomshawishi mnunuzi wa dekali. Lakini uzuri wake hautoshi. Kabla ya kuichagua, uliza ndege ile ilikuwa wapi kiangazi cha 1943.

Kuna kisa kimoja cha alama ambacho ningependa kila fundi akijue. Novemba 1942 Waingereza na Wamarekani walishuka Morocco na Algeria, nchi zilizokuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy. Wafaransa hao walikuwa na kinyongo kikubwa na Waingereza, kwa sababu Julai 1940 manowari za Uingereza zilizipiga manowari za Ufaransa pale Mers el-Kébir, na mabaharia zaidi ya elfu moja wakafa. Ikaonekana kwamba huenda Mfaransa atasita kumpiga Mmarekani, lakini Mwingereza hatamsamehe. Basi ndege za majini za Uingereza zikafutwa nembo yao ya duara na kupakwa nyota ya Marekani. Ukitazama picha za Seafire na Sea Hurricane za siku zile unaona nyota ya Marekani, na nyuma yake, karibu na mkia, maneno ROYAL NAVY yameachwa pale pale. Mtu asiyejua habari ya Mers el-Kébir atadhani mchapaji wa dekali amechanganyikiwa. Anayeijua anasoma kwenye ubavu mmoja wa ndege uadui, hofu na hesabu ya wakuu wa vita.

Wajapani walikuwa na utaratibu wao, na ulikuwa wa wazi. Siku ya Pearl Harbor kila manowari yao ya kubeba ndege ilijulikana kwa mshipi wa rangi kiunoni mwa ndege zake: mshipi mmoja mwekundu kwa Akagi, miwili kwa Kaga, buluu mmoja kwa Soryu, miwili kwa Hiryu, mweupe mmoja kwa Shokaku, miwili kwa Zuikaku. Mkiani kulikuwa na herufi na namba. Zero ya Itaya Shigeru, aliyeongoza ndege za mapigano za wimbi la kwanza, ilikuwa AI-155, na hiyo AI ndiyo Akagi.

Ipo Zero nyingine ninayoipenda zaidi kama somo, nayo ni DI-108 ya manowari ya Ryujo. Tarehe 4 Juni 1942 rubani wake, Koga Tadayoshi, alijaribu kutua kwenye kisiwa cha Akutan, katika visiwa vya Aleutian, baada ya ndege yake kupigwa risasi. Ardhi ilikuwa tope, magurudumu yakazama, ndege ikapinduka, naye akafa mumo humo. Wamarekani waliiona wiki kadhaa baadaye, wakaichukua hadi San Diego, wakaitengeneza, na mwezi Septemba ikaruka tena, safari hii ikiwa na nyota nyeupe ya Marekani. Ndege ni ile ile, lakini inahitaji karatasi mbili za dekali, na kati ya karatasi hizo mbili kuna kifo cha kijana mmoja.

Sasa tuje kwenye picha, kwa sababu mchoraji wa dekali huanza na picha, na picha ndiyo inayompotosha. Filamu za zamani za aina fulani hazikuuona wekundu; nyekundu ilitokea nyeusi, na njano ikaingia giza. Mtu anaangalia picha, anaona mstari mweusi, anachapa mweusi, kumbe ndege ilikuwa na mstari wa njano. Hilo ni kosa la rangi. Kosa baya zaidi ni la kuamini kwamba ndege iliyopigwa picha ndiyo iliyopigana.

Mchukue Luteni Edward O'Hare, aliyejulikana kwa jina la Butch. Tarehe 20 Februari 1942 kundi la ndege za Kijapani za kudondosha mabomu lilikuwa likiijia manowari ya Lexington. Bunduki za mwenzake zilikwama, akabaki peke yake kati ya adui na meli. Alihesabiwa kuangusha tano. Rais Roosevelt alimpa Nishani ya Heshima, na leo uwanja mkubwa wa ndege wa Chicago una jina lake. Mwezi Aprili mwaka ule ule, yeye na mkuu wa kikosi chake, John Thach, walirushwa juu ya Hawaii ili wapigwe picha: Thach ndani ya Wildcat yenye alama F-1, O'Hare ndani ya F-13. Ipo pia ile picha mashuhuri ya O'Hare amekaa kwenye chumba cha rubani, ubavuni bendera tano ndogo za Japani, na paka Felix, nembo ya kikosi chao, amebeba bomu lenye utambi unaowaka. Ni picha zisizosahaulika, nazo ndizo zilizozaa karatasi nyingi za dekali. Lakini Wildcat aliyopigania Februari ilikuwa na namba 15. Hiyo F-13 ilikuwa ndege ya wapiga picha. Silaumu kuichapa, nalaumu kuichapa na kuandika chini yake kwamba ndiyo iliyookoa Lexington. Iandikwe ilivyo, ndege ya picha za Aprili, na itabaki kuwa na thamani yake.

Ya Gregory Boyington ni hivyo hivyo. Huyu aliongoza kikosi cha VMF-214 cha Marines kule Visiwa vya Solomon, wakirusha Corsair. Ndege zao hazikuwa mali ya mtu. Asubuhi rubani alipanda ile iliyokuwa tayari. Mwishoni mwa 1943 waandishi wa habari walitaka picha ya shujaa na ndege yake, ikatayarishwa Corsair namba 86, ubavuni bendera na jina la mwanamke. Kwa miaka mingi karatasi za dekali zilisoma Lulubelle. Waliozichunguza picha kwa makini baadaye wakasoma Lucybelle, na ubishi huo umewagawa mafundi hadi leo. Wakati wao wanabishana juu ya herufi, jambo kubwa linawapita: Boyington alipotunguliwa, tarehe 3 Januari 1944, alikuwa ndani ya Corsair nyingine isiyokuwa na jina wala bendera hata moja. Mimi, kama ningechagua moja, ningechagua hiyo. Dekali zake ni chache, hazivutii, lakini ndiyo iliyokuwa naye siku alipotunguliwa.

Kama picha zinapotosha, tushike nini? Pale Yeovilton, Uingereza, katika makumbusho ya ndege za majini, kuna Corsair yenye namba KD431. Ilitengenezwa na kampuni ya Goodyear mjini Akron, Ohio, mwaka 1944, ikapelekwa Uingereza, ikatumika kwa mafunzo ya kutua sitahani. Haikuwahi kupigana. Miaka ya 1960 ilipakwa rangi mpya ili ipendeze mbele ya wageni. Baadaye fundi wa makumbusho, David Morris, aligundua kwamba chini ya rangi ile ya juu bado ipo rangi ya kiwandani. Wakaanza kuisugua ya juu kwa mkono, sehemu ndogo ndogo, kwa subira ya miaka, wakichunga wasile ya chini. Ikatokea ndege ya 1944 ilivyokuwa: rangi zake zimechakaa, viraka vya mafundi vinaonekana, na ubavuni herufi E2-M za kikosi cha mafunzo. Fikiria thamani ya hiyo kwa mtu anayechora dekali. Hapo hakuna kukisia kwamba buluu ilikuwa ya namna gani, au herufi ilikuwa na unene gani. Anapima kwa rula. Morris aliandika kitabu kizima juu ya kazi ile, na mimi sioni kwamba kurasa zake ni nyingi.

Karatasi yenyewe inatengenezwaje? Aina iliyo bora huchapwa kwa skrini, rangi moja baada ya nyingine, jinsi mafundi wa mitaani wanavyochapa fulana, isipokuwa hapa mistari ni ya sehemu ndogo za milimita. Kwanza hupita vanishi nyembamba, kisha nyeupe, kisha buluu, kisha nyekundu. Nyeupe ndiyo inayompima mchapaji. Ikiwa hafifu, ukiibandika juu ya Hellcat ya buluu nzito, buluu hupenya na nyota inakuwa ya kijivu. Na rangi zikipishana hata nusu milimita, kwa modeli ya kipimo cha 1 kwa 48, ni sawa na milimita 24 kwenye ndege halisi. Hakuna mkuu wa karakana ambaye angeipitisha ndege yenye nyota iliyokaa kombo kiasi hicho. Ndiyo sababu wachapaji kama Cartograf wa Italia wana heshima kubwa miongoni mwa mafundi.

Kuibandika nako kuna adabu yake. Rangi ya ndege iwe imepakwa vanishi ya kung'aa, maana uso wenye chenga chenga hushika hewa chini ya dekali, na dekali ikikauka hewa hiyo humetameta kama fedha, kazi yote ikaharibika. Kata alama karibu na ukingo wake. Itie kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde chache, itoe, iache juu ya kitambaa mpaka gundi ilegee yenyewe, ukiilazimisha itachanika. Itelezeshe kwa brashi iliyolowa, usiinyanyue. Ikishakaa mahali pake, fyonza maji kutoka katikati kwenda pembeni. Halafu pitisha dawa ya kulainisha. Mimi hutumia Micro Sol. Dekali itajikunja mikunjo ya kutisha, na asiyezoea atataka kuinyoosha kwa kidole. Usiiguse. Ukirudi baada ya saa moja utaikuta imetulia, imeingia kwenye kila mfereji na kila kichwa cha ribiti, kana kwamba imepakwa rangi. Mwisho kabisa ndipo inapokuja vanishi isiyong'aa, kwa ndege ambazo hazikuwa za kung'aa.

Nina neno juu ya zile bendera ndogo. David McCampbell, rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote katika jeshi la majini la Marekani, alimaliza vita akiwa na 34. Tarehe 24 Oktoba 1944 peke yake alihesabiwa tisa katika safari moja. Hellcat yake iliitwa Minsi III, nayo huuzwa sana, na bendera zake ndizo zinazouza. Zingatia kwamba hesabu ya bendera kabla ya siku ile na baada yake haiwezi kuwa moja. Karatasi yenye bendera 34 haifai kwa ndege ya Septemba. Lakini zaidi ya hesabu, kila bendera ni ndege iliyoanguka, na ndani yake mtu mmoja, au wawili, au saba, maana zile za mabomu alizokabili O'Hare zilibeba watu saba. Sisemi bendera zisiwekwe. Zilikuwepo, na kuzificha ni uongo pia. Nasema ziwekwe zilizokuwepo tu, bila kuzidisha hata moja kwa ajili ya kupendeza.

Nimalizie na la kwetu. Baada ya Wajapani kuipiga Ceylon Aprili 1942, manowari za Kikosi cha Mashariki cha Uingereza, chini ya Admeri James Somerville, zilirudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Waingereza wakawa na viwanja vya ndege za majini katika nchi zetu, na wakavipa majina ya Kiswahili: kile cha Port Reitz kiliitwa HMS Kipanga, cha Nairobi HMS Korongo, cha Tanga HMS Kilele. Na tarehe 5 Mei mwaka huo, Martlet za manowari ya Illustrious na Sea Hurricane za Indomitable ziliruka juu ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, kupambana na Wafaransa wa Vichy. Septemba, vita vya kisiwa hicho vilipoendelea Majunga na kwenda Tananarive, askari wa Afrika Mashariki wa Brigedi ya 22 walikuwa miongoni mwa waliopigana huko, na Illustrious ilikuwepo pwani.

Kwa fundi wa Mombasa au Tanga anayetafuta ndege ya kuanzia, naona Martlet ya Madagaska inastahili kuliko Corsair yoyote ya Boyington. Aangalie tarehe tu. Nembo ya ubavuni ya Uingereza ilibadilishwa katikati ya mwaka ule ule wa 1942. Ya zamani ilikuwa na nyekundu katikati, kisha pete ya nyeupe, ya buluu na ya njano, zote za upana mmoja. Katika mpya nyeupe na njano zilipunguzwa zikawa nyembamba sana, na kwenye alama ya mkiani mstari mweupe nao ukakondeshwa. Kwa Martlet ya Mei achukue karatasi yenye pete za upana mmoja. Kwa ile ya Septemba asinunue karatasi kabla hajaiona picha ya ndege yenyewe, na picha hiyo iwe na tarehe.